Huyu Jamaa Analipa Kodi na Nini?

Kuna swali moja ambalo limeniharibia filamu nyingi, na nataka liwaharibie nyinyi pia. Swali ni hili: huyu jamaa analipa kodi na nini?

Mimi sianzi na uigizaji. Sianzi na picha wala muziki. Dakika kumi za kwanza naangalia nyumba ya mtu, naangalia viatu, naangalia amekula nini asubuhi, halafu nauliza anafanya kazi gani. Kama filamu haina jibu, na wala haijali kwamba haina jibu, tunaanza kukosana. Marafiki zangu wanasema siwezi tena kustarehe. Labda. Niliacha chuo mwaka wa pili baada ya salio la karo kukataa kupungua hata tukichanga vipi, na tangu hapo niko kwa bedsita yangu najilipia kila kitu: tokeni za stima, maji ya mtungi, intaneti ya wiki. Ukizoea kuhesabu hivyo, huwezi kuzima hesabu eti kwa sababu filamu imeanza.

Wiki tatu zilizopita nimeangalia filamu kama kumi, za kila aina, zingine mpya na zingine za kitambo nilizowekewa kwa flashi. Sitaongelea zote. Na nitafichua mambo, kwa hivyo kama hujaona Sinners na unapanga kuiona, ruka hiyo sehemu, tutapatana kwa Parasite.

Tuanze na mapenzi tuyamalize haraka. Notting Hill ya 1999. Hugh Grant ana duka la vitabu vya safari ambalo haliuzi, na bado anaishi kwa nyumba yenye mlango wa buluu hapo London, mtaa wa maana, na jamaa mwingine ambaye sikumwona akienda kazini hata siku moja. Julia Roberts ni staa wa Hollywood anaingia dukani, na sisi tunatakiwa kushangaa vile mapenzi yamevuka ukuta wa pesa. Buda, ukuta gani? Huyo mwanaume ako na nyumba London! Nilicheka mahali hapakuwa na mzaha. Ile sehemu anapotembea sokoni na misimu inabadilika nyuma yake, mvua, theluji, jua, hiyo ni kali, sitabisha. Lakini hata hapo nilikuwa najiuliza nani alikuwa dukani muda huo wote.

John Wick ya 2014 nilirudia kwa sababu jirani alikuwa ameiweka kwa sauti kubwa nikasema wacha niione kabisa. Wauaji wote wa hiyo dunia wanalipana na sarafu za dhahabu. Unaingia hoteli yao, sarafu. Unaita wale wa kuondoa maiti sebuleni, sarafu. Na hakuna mtu anauliza chenji. Mama mboga wetu hangekubali huo ujinga hata dakika moja. Lakini hii filamu nimeisamehe, na nitawaambia kwa nini. Kabla ya risasi yoyote, kuna kijana wa tajiri hapo petroli, anaona gari la John Wick, anauliza ni pesa ngapi. Anaambiwa haliuzwi. Basi. Watu wengi husema vita vilianza kwa sababu ya mbwa, na ni kweli mbwa ndiye alimuuma John roho, lakini huyo kijana alikuja usiku kwa sababu ilikuwa labda mara yake ya kwanza maishani kusikia kuna kitu pesa ya babake haiwezi kununua. Nimeiangalia mara tatu ndio nikaona hiyo. Filamu ya ngumi na risasi, lakini imeshika kitu kuhusu watoto wa wakubwa ambacho drama nyingi hazijashika.

Sasa Sinners. Hii nililipa nikaingia sinema, na sijutii hata shilingi. Ryan Coogler, 2025. Michael B. Jordan anaigiza mapacha wawili, Smoke na Stack, wamerudi Mississippi mwaka wa 1932 kutoka Chicago na pesa ambazo hakuna mtu anataka kujua zilitoka wapi. Wananunua kiwanda cha zamani cha mbao wakifanye ukumbi wa muziki na pombe. Usiku wa kufungua, wanyonya damu wanabisha mlango. Kila mtu anaongea kuhusu muziki, na ule wimbo wa Sammie unaoleta mababu na vizazi ambavyo havijazaliwa kwa ukumbi mmoja. Hiyo sehemu nilishika mkono wa mtu simjui. Lakini mimi nimekaa na mambo mengine.

Kwanza, kuna msichana mdogo anaambiwa na Smoke amchungie lori. Smoke anataja bei, msichana anakubali hapo hapo, na Smoke anamsimamisha. Anamfundisha kukataa bei ya kwanza. Anamfundisha kutaja yake. Ni dakika mbili tu, haibadilishi hadithi, mhariri mwingine angeikata. Lakini hapo ndipo nilijua hii filamu imeandikwa na mtu anayejua.

Pili, na hii ndiyo yenyewe. Ukumbi umejaa, watu wanakunywa, wanacheza, kila kitu kinaonekana sawa. Halafu mapacha wanahesabu mapato na kupata kwamba nyingi ya hizo pesa si pesa. Ni vile vibao ambavyo wafanyakazi wa mashamba ya pamba walikuwa wanalipwa navyo, vya kutumia kwa duka la mwenye shamba peke yake. Nje ya shamba havina maana. Smoke anakasirika. Wengine wanamwambia hawa ni watu wetu, hiyo ndiyo pesa wako nayo, utawafukuza? Na nje ya mlango kuna wageni weupe watatu wenye sura za tabasamu na dhahabu mfukoni. Mary anatoka kwenda kuwaongelesha, kwa sababu ukumbi unahitaji pesa halisi. Anarudi akiwa si Mary tena.

Yaani kuelewa hivi: shetani hakuingia kwa sababu ya uchawi wala kwa sababu mtu alifungua kitabu kibaya. Aliingia kwa sababu biashara ya watu weusi ilikuwa imelipwa na pesa bandia na yeye alikuwa na pesa ya ukweli. Nilitoka sinema nikatembea hadi steji bila kuwasha simu.

Na mnajua kwa nini iliniingia hivyo? Kuna kampuni, sitaitaja, iliniomba video nne mwaka jana. Nikafanya script, nikapiga picha, nikahariri usiku kucha. Malipo yalikuja kwa pikipiki: katoni mbili za mafuta ya nywele. Mtu wa ofisi yao ananiandikia kwamba thamani ya hizo bidhaa ni zaidi ya kile ningelipwa. Sawa. Nenda mwambie keteka wa ploti yetu apokee mafuta ya nywele tarehe 5. Kila mtu anayefanya hii kazi yetu ako na katoni yake mahali chini ya kitanda. Mimi nilikuwa nadhani hii ni shida mpya, shida ya watu wa intaneti. Kumbe kuna watu walilipwa hivyo tangu zamani, na kulikuwa na jina lake, na kulikuwa na duka lake.

Parasite ya Bong Joon-ho sitaiongelea sana kwa sababu kila mtu ashaongea. Ilishinda Oscar ya filamu bora 2020, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kufanya hivyo, na ilistahili. Nitasema tu mambo mawili. Familia inazunguka nyumba ya chini ya ardhi ikiinua simu juu kutafuta Wi-Fi ya jirani, mpaka wanaipata hapo karibu na choo: ndugu zangu, nimewahi kuishi hiyo nyumba, tofauti ni kwamba yangu ilikuwa ya tatu juu. La pili ni mvua. Usiku mvua inafurika nyumba ya maskini hadi choo kinatapika, watu wanalala ukumbini kwa sakafu, na asubuhi tajiri yuko kwa gari anaambia mtu kwa simu vile mvua imesafisha hewa vizuri kwa sherehe. Mvua ya Aprili 2024 ilipopiga Nairobi na nyumba za Mathare zikabebwa na maji, kwa simu yangu hiyo wiki kulikuwa na watu wanaposti chai na blanketi. Hawakuwa watu wabaya. Hata huyo mama wa filamu si mtu mbaya, ndiyo maana inauma.

Rafiki yangu mmoja anayependa vitu vya pole pole alinilazimisha niangalie Perfect Days, ya Wim Wenders, 2023. Mzee anaitwa Hirayama, anaosha vyoo vya umma Tokyo. Anaamka, anamwagilia miche, ananunua kahawa ya kopo kwa mashine, anaweka kaseti kwa gari, anaosha choo hadi kinang'aa, anakula mkate chini ya mti, analala akisoma. Kesho tena. Saa mbili. Koji Yakusho alipata tuzo ya mwigizaji bora Cannes kwa hii na sishangai, uso wake peke yake unafanya kazi ya watu sita.

Nilitaka kuichukia. Kwa nini? Kwa sababu najua vile watu wenye pesa watakavyoitumia. Watasema ona, furaha haina gharama, osha choo na utabasamu. Na ukiangalia vizuri, dadake Hirayama anakuja kumchukua binti yake na gari kubwa lenye dereva. Kumbe jamaa ametoka familia ya maana! Alichagua hayo maisha. Mtu anayeosha choo cha steji hapa kwetu, akikusanya zile shilingi kumi kumi na kukukatia karatasi ya kutosha kidole kimoja, hakuchagua, na hana dada wa kumjia na dereva.

Lakini kuna siku moja kwa hiyo filamu ilinishinda kubishana nayo. Kijana anayefanya kazi naye amepata msichana na hana pesa ya kumtoa. Anamvuta mzee hadi duka moja wapime bei ya kaseti zake, na bei inakuwa kubwa kuliko tulivyodhani. Mzee anakataa kuuza. Badala yake anatoa noti zake mfukoni anampa kijana zote. Halafu anaendesha kurudi nyumbani na petroli inaisha barabarani. Hana kitu. Inabidi aachane na kaseti moja. Hakuna muziki wa huzuni, hakuna mtu analia. Ni mzee tu kando ya gari, amefanya jambo zuri na sasa analipia. Kila mtu aliyewahi kumtumia rafiki pesa ya mwisho kwa M-Pesa halafu akafuliza nauli anajua hiyo sura. Basi nikanyamaza nikaangalia hadi mwisho.

Za nyumbani sasa, maana msiseme napenda za nje peke yake. Nairobi Half Life ya 2012 huwa narudia kila mwaka, na kila mwaka inakaa mpya. Mwas anauza DVD kijijini kwa kuigiza filamu zenyewe mbele ya wateja, na mimi hiyo naiita kazi yangu kamili: content creator wa kwanza Kenya, kabla ya ring light. Anakuja Nairobi kuwa mwigizaji na kabla hajapumua vizuri ashaibiwa. Ninachopenda ni kwamba Tosh Gitonga hakuficha hesabu. Mchana Mwas anafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, usiku anatoa vipuri kwa magari ya watu, na filamu haijifanyi kwamba sanaa ndiyo inalipa chakula chake. Sanaa hailipi. Vipuri ndivyo vinalipa. Kuna waigizaji wengi wazuri hii nchi, na kila mmoja ako na vipuri vyake, hata kama ni vya halali.

Na Nawi, ya 2024, ile Kenya ilipeleka Oscar. Msichana wa Turkana amefaulu mtihani vizuri sana, anataka kwenda sekondari, na babake amepata bei: kondoo 60, ngamia 8, mbuzi 100. Wanataja hesabu kamili. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Filamu nyingi za aina hii zingekupa baba mwenye macho mekundu na fimbo, umchukie urudi kulala. Hapa unaona mifugo, unaona ukame, unaona watu wazima wakihesabu, na unaelewa kila kitu na bado unataka msichana akimbie. Kuelewa bei hakukufanyi ukubali kuuzwa. Michelle Lemuya Ikeny, binti anayeigiza Nawi, ana macho fulani hivi ya kukuuliza wewe unayeangalia utafanya nini. Nilipumzika siku mbili kabla ya kuangalia kitu kingine.

Nimeacha 3 Idiots mwisho makusudi.

Tangu niache chuo, sina hesabu ya watu walioniambia niangalie 3 Idiots. Wajomba. Watu wa kanisa la mathe. Mtu wa bodaboda. Wote na sauti ileile: iangalie, utapata moyo, si lazima digrii. Ni ya Rajkumar Hirani, 2009, Aamir Khan anaigiza Rancho, mwanafunzi wa uhandisi anayekataa kukariri, anawaonyesha walimu vile hawajui kitu, na mwisho anakuwa mvumbuzi mwenye hataza 400. Ujumbe ambao watu wametoka nao ni fuata ubora, pesa itakufuata yenyewe.

Wiki jana niliiangalia na sistangu mdogo. Amepata barua ya kuitwa chuo, anaingia Septemba. Mathe ameisoma ile sehemu ya bendi kama mara nne, kwa sababu tangu mpango ulioletwa 2023 unawekwa kwa bendi kulingana na mapato ya familia, na bendi ndiyo inasema nyinyi wenyewe mtatoa ngapi. Sasa nyumbani kuna hesabu kila jioni. Nikasema wacha nimtoe kwa hiyo hesabu kidogo, tukaketi na laptop na mahindi ya kuchoma.

Tuliicheka sana, ni filamu ya kuchekesha, hata sitajifanya. Halafu ikafika nyumbani kwa Raju. Kama umeisahau: Raju ni yule maskini. Babake amepooza, mamake ni mwalimu mstaafu, dadake hajaolewa kwa sababu wanaomposa wanataka gari. Na wakati wowote tukienda kwao, picha inageuka nyeusi na nyeupe, kama sinema ya kitambo, ili tucheke umaskini wao. Sistangu hakucheka. Akaniangalia mimi kama naendelea kucheka.

Raju ndiye anayevaa pete kila kidole akiomba Mungu apite mtihani, na Rancho anamwambia shida yake ni woga. Woga! Farhan ana baba aliyemwekea kiyoyozi chumbani mwake peke yake ili asome. Rancho haogopi kitu. Raju akifukuzwa, nyumba nzima imeanguka. Na walipomtishia kumfukuza ndipo aliruka dirishani. Kwangu mimi huo si ugonjwa wa moyo dhaifu, ni mtu ambaye amepiga hesabu yake na kupata jibu baya. Nashukuru filamu ilimwacha aishi, na ile siku ya mahojiano ya kazi, akiwa kwa kiti cha magurudumu, ni mojawapo ya sehemu nzuri zaidi hapo ndani.

Halafu siri inatoka, na hapa ndipo nataka wale wajomba wote wasikilize. Rancho si Rancho. Ni mtoto yatima wa nyumba ya tajiri, mtoto wa kazi za bustani, aliyekuwa anajipenyeza madarasani kwa sababu anapenda kusoma. Tajiri akaona: huyu asome, apate digrii kwa jina la mwanangu. Kwa hivyo karo ililipwa. Yote. Miaka yote. Huyo shujaa wa kusema digrii si kitu alisoma na karo ya mtu mwingine, akamaliza, na cheti kikaenda kwa mwenye pesa. Hakuacha chuo! Alimaliza akiwa wa kwanza! Mnanitumia hii filamu kwa nini?

Sistangu akasimamisha hapo. Akauliza, "Na yule mwenye jina kwa cheti, alikuwa anafanya nini hiyo miaka yote?"

Nikamwambia filamu haisemi sana. Alikuwa tu anangoja cheti.

"Si afadhali angelipa tu asisumbue watu," akasema, akaendelea na mahindi.

Nilimwambia kile nafikiria, kwa sababu aliniuliza baada ya filamu, na si mtoto. Nilimwambia asiniangalie mimi kama ushahidi wa chochote, iwe ni kusoma au kuacha. Hii kazi yangu mwezi mwingine inalipa kushinda mwalimu, mwezi mwingine inalipa mafuta ya nywele. Nilimwambia aende. Nilimwambia chumba cha hosteli muhula wa kwanza ni mimi, nimeshaweka kando, na wa pili tutaona na dili zitakazokuja. Na nilimwambia akifika huko akutane na Raju, kwa sababu kila darasa lina Raju, asimwambie shida yake ni woga. Amuulize amekula.

Mathe bado anaambia watu niko likizo ya chuo. Mwaka wa pili huu, likizo ndefu kuliko ya bunge. Simkosoi.

Wiki ijayo naingia filamu za kutisha, zile za familia kununua nyumba yenye majini. Watu huuliza kwa nini hawahami wakati damu inatoka kwa ukuta. Mimi nawaelewa kabisa. Washalipa deposit.